Tunahesabu Miche Iliyopandwa, Hatuhesabu Iliyo Hai

Siku ya kupanda mikoko ina utaratibu wake, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Basi linafika saa 3 asubuhi na wafanyakazi wa taasisi fulani waliovaa fulana mpya. Mgeni rasmi anachelewa kidogo. Saa 4 bahari imekupwa hadi mbali, hotuba zinafupishwa kwa sababu maji hayamsubiri mheshimiwa, na ndani ya saa mbili miche 10,000 imesimama kwenye tope kwa mistari iliyonyooka. Jioni habari inatangazwa: miche 10,000 imepandwa. Miezi sita baadaye hakuna habari yoyote. Tope limerudi kuwa tupu, vipande vya viriba vyeusi vimenasa kwenye majani ya bahari, na kwenye makabrasha ya mfadhili eneo lile linaitwa msitu.

Mwaka unaofuata basi linarudi pale pale.

Lawama iliyozoeleka katika mijadala ya mazingira ni kwamba wananchi hawajali. Ukikaa na watu wa pwani utaona kwamba lawama hiyo haina ukweli mwingi. Mvuvi anajua kamba wamepungua. Mama anayeteka maji anajua kisima kimebadilika ladha. Mwenye shamba anajua minazi mingapi imeanguka baharini tangu alipolirithi. Tulichokosa si macho. Kila dalili tumeitafutia udhuru wake wa pekee, na zinapokuwa nyingi mno kufunikwa kwa udhuru, tunafanya sherehe ya kupanda miti. Baada ya sherehe tunajiona tumeshajibu, na hatuangalii tena. Huo ndio uzembe wa siku hizi: una bajeti, una bango, na unatoka jasho kwelikweli.

Chukua kisima. Katika vijiji vingi vya pwani na visiwa, maji matamu chini ya ardhi yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kidogo. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa maji ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Hesabu hiyo inafanya kazi kinyume pia. Pampu zikishusha usawa wa maji kwa sentimita 25 tu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 10. Kwa hiyo kisima kinachoanza kuonja chumvi mwezi wa Februari, kisha kikarudi kuwa kitamu baada ya masika, hakijapona. Kinasema mpaka umekaribia. Lakini kwa kuwa masika yanakuja na ladha inarudi, udhuru tunao tayari: ni kiangazi tu.

Mnazi ukianguka, tunasema ulikuwa mzee. Ufuo ukiliwa, tunasema bahari hula huku na kutema kule, jambo ambalo ni kweli kiasi, ndiyo maana linatulaza vizuri. Samaki wakipungua, lawama ni ya wageni wenye nyavu ndogo. Mikoko ikikauka ikiwa imesimama, tunasema imeshambuliwa na wadudu. Pengine kweli, lakini mwaka wa mvua kubwa za El Niño, 1997 hadi 1998, mikoko ya mkono wa bahari wa Mwache, magharibi mwa Mombasa, ilikufa kwa eneo kubwa bila shoka wala mdudu. Mvua iliteremsha udongo kutoka mashamba ya vilimani, udongo ukafunika mizizi inayopumua, na miti ikakosa hewa. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, hupumua kwa mizizi midogo inayochomoza kutoka kwenye tope kimo cha kiganja hivi. Ukiifukia kwa mkupuo mmoja, mti haufi siku hiyo. Hudondosha majani kwa miezi, na wakati huo sababu imeshasahaulika. Dalili ya Mwache ilikuwa imeandikwa vilimani miaka mingi kabla, katika kila korongo jipya ambalo wakulima walilizunguka kwa jembe bila kulisemea.

Ukitaka kujua kwa nini sehemu nyingi za ukanda huu ziko wazi leo, anza na biashara ya miti. Mikoko ilikuwa bidhaa yenye madaraja na bei: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti, yenye unene wa sentimita 11 hadi 13 hivi, ndiyo iliyobeba dari za nyumba za mawe za Lamu na Unguja, na upana wa vyumba vyao uliamuliwa na urefu wake. Majahazi yaliisafirisha hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako hakukuwa na miti ya kufanya kazi hiyo. Kenya ilipiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982. Lakini shoka lililofuata halikuwa la boriti pekee. Tanuru za chokaa, viwanda vilivyotaka kuni na mashamba ya chumvi vilikata bila kuchagua unene. Mkataji wa boriti huacha miti midogo na miti ya mbegu. Mkataji wa kuni huacha tope. Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, ilipata vipara vya namna hiyo katika miaka ya 1970, na miaka ishirini baadaye baadhi yake vilikuwa havijaota chochote.

Hapo pana somo ambalo siku za sherehe zinalipuuza. Mikoko yenye afya humwaga mbegu kwa maelfu, na maji huzisambaza bure. Eneo likikaa wazi miaka 20 karibu na msitu unaozaa, si kwa sababu hakuna aliyepanda. Kuna kitu kinachozuia. Ama maji hayafiki, ama yanafika na kutuama, ama chumvi imezidi, ama mchanga unahama, ama mbuzi wanakula kila kinachochipua. Kupeleka miche 10,000 mahali hapo bila kujua kizuizi ni kuipeleka kufa, na kosa kubwa zaidi ni la kimo.

Mikoko haioti popote panapofikiwa na maji ya chumvi. Huishi nusu ya juu ya eneo ambalo bahari hujaa na kupwa, yaani kuanzia karibu na usawa wa kati wa bahari hadi pale linapofika bamvuo kubwa, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ndani ya ukanda huo kila aina ina nafasi yake. Mlilana hukaa mbele kabisa, ukifunikwa na karibu kila maji kujaa. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kutoka shinani, hufuata, hasa kandokando ya mikono ya bahari. Muia na mkandaa huja nyuma yake. Mchu hupatikana mbele na nyuma pia, na kikandaa huja karibu na nchi kavu, wakati mkomafi na msikundazi hupenda panapochanganyika na maji matamu. Kwa mwezi mwandamo mmoja bahari hujaa takriban mara 57. Mlilana hupata maji karibu mara zote hizo. Mkandaa na mchu wa upande wa nchi kavu hufikiwa na bamvuo tu, na kwa kawaida si zaidi ya mara 20.

Sasa rudi kwenye sherehe. Kwa mwambao wetu, siku za bamvuo maji hukupwa mwisho karibu saa 4 asubuhi, na hurudi kujaa karibu saa 10 jioni. Kwa mwandaaji wa hafla huo ni muda mwafaka kabisa: jua bado si kali, wageni wameshapata chai, na bahari imejitoa kwa mamia ya mita na kuacha uwanja mpana. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya uwanja huo iko chini ya kimo ambacho mkoko unaweza kuishi. Ni makazi ya majani ya bahari, chaza na kaa, si ya miti. Zaidi ya hayo, eneo hilo halina mwenyewe, halina hati wala mgogoro, wala hakuna wa kumlipa fidia. Basi miche inapandwa pale panaporuhusiwa kwa urahisi, siyo pale panapoota. Kalenda ya hafla imeshaamua matokeo kabla mche wa kwanza haujagusa tope.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mtaalamu. Nenda eneo lako siku ya maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, saa ya maji kupwa. Kama eneo halitoki majini siku hiyo, liko chini mno, funga mjadala.

Kipimo cha pili ni kuitumia bahari kama levo ya fundi. Tafuta mkoko hai ulio chini kuliko wote katika msitu ulio karibu, ule uliozaliwa hapo na si wa kupandwa. Mtu mmoja asimame hapo na kijiti chenye alama za sentimita, mwingine asimame kwenye eneo tupu na kijiti kama hicho. Maji yakijaa na kusimama, kabla hayajaanza kurudi, wote wasome kina kwa dakika ile ile. Simu mbili zinatosha. Kina kikiwa sentimita 30 kule na 75 hapa, eneo lako liko sentimita 45 chini ya mpaka wa uhai, na hakuna kiriba wala mbolea itakayoziba pengo hilo. Rudieni siku tatu, kwa sababu mawimbi hudanganya. Na kipimo hiki kinafaa tu pale maji yanapopita huru kati ya sehemu hizo mbili. Kukiwa na tuta au barabara katikati, maji ya ndani huchelewa na vipimo havilingani. Hapo tumia mpira mwembamba unaoonekana ndani, wenye urefu wa mita 15 au 20, uliojazwa maji na kutolewa mapovu yote: maji ya ncha zake mbili husimama usawa mmoja. Povu moja likibaki, kipimo kimeharibika.

Waliopuuza hesabu hii tunawajua. Baada ya tsunami ya mwaka 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko kwa ari kubwa katika maeneo 23. Watafiti walipokwenda kukagua, kati ya hekta 1,000 hadi 1,200 zilizopandwa, zilizokuwa na miti hai hazikuzidi 220 hivi, na maeneo tisa hayakuwa na mche hata mmoja. Ufilipino imepanda kwa miongo kadhaa kwa mamilioni ya dola, na miche iliyopona kwa ujumla imekadiriwa kuwa asilimia 10 hadi 20. Sababu ni ile ile: mche wa mkoko, kwa sababu ni mnene na rahisi kushika, ukachomekwa kwenye tope la chini kwa sababu lilikuwa wazi. Hakuna aliyekuwa mvivu hapo.

Vikundi vidogo vinavyofanikiwa hufanya kazi isiyopendeza kwenye picha. Huanza na maji. Mahali pazuri pa kuanzia ni mashamba ya chumvi yaliyoachwa na sehemu zilizokatwa na barabara, kwa sababu mengi yalikuwa msitu wa mikoko kabla, kimo chake bado kinafaa, na kilichokosekana ni njia ya maji tu. Hatua ya kwanza ni kutafuta mkondo wa zamani. Wazee waliokuwa wakipita hapo kwa ngalawa wataonyesha, na picha za zamani za setilaiti kwenye simu husaidia. Tuta hukatwa pale mkondo ulipopita, si pale panapochimbika kirahisi. Kosa la kawaida ni kutoboa tundu jembamba na refu kwenda chini. Maji yanaingia kwa nguvu, yanakula kingo, mchanga unaziba mdomo, na baada ya bamvuo mbili mmerudi mlikoanza. Pasua pana, kwa kina kile kile cha mkondo wa nje, na udongo uliotolewa usiachwe ukiwa tuta jipya kando ya mfereji. Utandazwe au upelekwe mbali. Maji yote yaliyoingia lazima yatoke. Dimbwi linalobaki baada ya kupwa huchemka juani, chumvi yake inazidi ya bahari, na mche wowote ulio ndani hufa kuanzia mizizi. Bahari yetu ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo ya maji. Kwenye tope la shamba la chumvi lililofungwa unaweza kukuta mara mbili au tatu ya hapo. Weupe juu ya tope wakati wa kiangazi, na michu ya miaka mingi iliyodumaa chini ya kimo cha mtu, vinakuambia jambo hilo hata kama kipimio huna.

Barabara nazo zina kalavati. Bomba moja jembamba chini ya tuta la barabara linaweza kuua hekta nyingi za mikoko upande wa juu, ama kwa ukame ama kwa kuzamisha mizizi mfululizo. Kusafisha kalavati lililoziba ni kazi ya siku moja kwa watu wanane wenye majembe, na huenda ikaokoa miti mingi kuliko kitalu cha mwaka mzima. Sijawahi kuona mgeni rasmi akialikwa kuzibua kalavati.

Maji yakishazunguka, subirini. Msimu mmoja au miwili ya mbegu. Wekeni miraba ya mita 5 kwa 5, mhesabu miche inayojiotea. Ikiwa inaongezeka, kazi yenu ni kulinda tu: mbuzi wasiingie, wachimba chambo wasipite hapo. Ikiwa maji ni mazuri na mbegu haziji kwa sababu msitu wa mbegu uko mbali au umekwisha, hapo ndipo kupanda kunapata maana.

Na hapo pia kuna namna. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikawa fimbo ya kijani yenye urefu wa sentimita 30 hadi 60. Imekomaa pale pete ya rangi ya njano inapotokea kati yake na tunda. Anayezikata kijani kujaza gunia anapanda takataka. Okota zilizodondoka au tikisa tawi, kisha kagua moja moja: yenye kitundu cha mdudu au ncha iliyovunjika itupwe. Ziweke kivulini, zikiwa na unyevu, wiki moja au mbili; kaa huzipenda zikiwa mbichi, na zikinyauka kidogo huwavutia kidogo. Ncha ndiyo inayoingia ardhini, sehemu iliyotoka kwenye tunda ikae juu. Inaonekana dhahiri, lakini kwenye hafla zenye watu 300 lazima utakuta zilizopandwa kichwa chini. Theluthi moja tu ya urefu iingie kwenye tope. Ikizidi, inaoza, ikipungua, inang'oka. Nafasi ya mita 1 kwa mita 1 ndiyo iliyozoeleka, sawa na miche 10,000 kwa hekta. Panda maji mafu yanapoanza, ili mche upate siku kadhaa za utulivu kabla ya bamvuo. Ndiyo, hiyo inamaanisha maji yatakupwa alasiri, si saa 4 asubuhi.

Aina nyingine zina tabia zake. Mbegu za mchu ziloweke usiku mmoja zivue ganda, zisiwe na siku nyingi maana hupoteza uhai haraka. Tunda la mlilana huachwa ndani ya maji hadi lilainike, kisha mbegu zake ndogo, zaidi ya 100 kwa tunda moja, husiwa kitaluni juu ya tope laini. Kuuotesha mlilana ni kazi ya uvumilivu, na ndiyo maana ufuo ulio wazi kwa mawimbi, ambao unauhitaji mlilana hasa, hupandwa mkoko ukafa. Kitalu kiwe mahali ambapo maji ya bahari hukifikia chenyewe. Kitalu cha nyuma ya ofisi kinachomwagiliwa maji ya bomba hutoa miche mizuri ya kupigia picha ambayo hushtuka ikikutana na chumvi. Na kiriba kitolewe kabla ya kupanda. Mizizi iliyofungwa ndani ya plastiki hujizungusha humo humo mpaka mti unaanguka.

Baadaye kuna wauaji wa polepole. Viumbe vya gamba jeupe, wale wanaokwaruza miguu ya wavuvi kwenye miamba, hujipanga kwenye shina la mche ulio chini sana hadi ulemewe. Kuvikwangua huumiza gome. Vikiwa vingi, soma ujumbe wao: mko chini mno. Majani ya bahari yaliyong'olewa na mawimbi huja kwa marundo na kuinamisha miche. Hayo yanaondolewa kwa mkono, mara kwa mara, na watu wanaoishi hapo. Kazi hii haiwezi kufanywa na basi la mara moja kwa mwaka.

Gazi inafaa kutazamwa kwa jicho la hesabu kuliko la sifa. Majaribio ya kurudisha mikoko yalianza pale mwaka 1991 chini ya watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI. Shamba la mkoko la miaka ya 1990 lilipopimwa likiwa na umri wa miaka 12, lilikuwa na mashina takriban 5,100 kwa hekta na urefu wa wastani wa mita 8 hivi. Yaani hata panapofanikiwa, karibu nusu ya nafasi za awali hupotea, na hilo ni jambo la kawaida. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayonyonywa na kuhifadhiwa na mikoko, kutoka hekta 117. Kati ya hizo, hekta 107 ni msitu wa asili uliokuwepo, na 10 tu ni za kupandwa. Mpango wao wa kupanda eneo jipya ulikuwa hekta 0.4 kwa mwaka. Miche 4,000 kwa mwaka mzima! Hafla moja ya asubuhi hupita hapo kabla ya soda kugawiwa.

Lakini nguvu ya Gazi iko katika zile 107 ambazo hazikukatwa. Mradi uliidhinishwa kuuza takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kati ya dola 12,000 na 15,000. Gawanya kwa wakazi zaidi ya 5,000 upate dola 2 au 3 kwa kichwa. Ndiyo maana hazikugawiwa kwa kichwa. Zilikwenda kwenye maji ya bomba, vitabu na madarasa, vitu ambavyo anayepita hata bila kuwa mwanachama anaviona. Anayeahidi kijiji kwamba hewa ukaa itamtajirisha kila mtu anajenga hasira ya miaka mitano ijayo, na hasira hiyo itashika shoka.

Kuhusu shoka: haliwekwi chini kwa semina. Familia inayopikia kuni za mkandaa itaendelea kuzikata mpaka ipate kuni nyingine. Jibu la Gazi lilikuwa mivinje, ambayo kwenye mchanga wa pwani hutoa miti ya kujengea ndani ya miaka mitano hadi saba. Kikundi ambacho hakina shamba la mivinje au chanzo kingine cha kuni kabla ya kuweka walinzi kinatafuta ugomvi na majirani. Delta ya Rufiji ni ngumu zaidi. Huko mikoko husafishwa kupisha mpunga katika sehemu zinazopata maji matamu ya mto, na shamba huachwa baada ya miaka michache magugu na kaa wanapolishinda, kisha msitu mwingine unasafishwa. Kumwambia mkulima huyo habari za tabianchi bila kuzungumzia magugu na kaa ni kumpotezea muda. Akiweza kubaki kwenye shamba lile lile mwaka wa nane, hatafyeka jipya.

Serikali zetu zinapenda namba kubwa. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitoa hadi siku ya mapumziko ili ipandwe miche milioni 100. Tanzania Bara imezitaka halmashauri zipande miti milioni 1.5 kila moja kwa mwaka. Namba hizi si uovu. Zinamsukuma ofisa wa wilaya afanye kitu. Lakini zinamsukuma kwenye kupanda, kwa sababu hakuna safu ya jedwali inayouliza mingapi iko hai, na kwa hiyo ofisa aliyetumia bajeti yake kupasua tuta la shamba la chumvi na kusubiri miaka miwili anaonekana hajafanya kazi.

Safu hiyo inaweza kuongezwa bila gharama ya maana. Kikundi kiweke miraba mitano ya mita 10 kwa 10, vigingi vya pembeni vikiwa vya mti mgumu usioliwa upesi na wadudu wa baharini. Ihesabiwe miche hai mwezi wa 3 baada ya kupanda, wa 6, wa 12, wa 24 na wa 36, na kwa kila uliokufa iandikwe sababu inayoonekana: kaa, mchanga, gamba, majani ya bahari, mifugo, haijulikani. Daftari la kawaida linatosha, likiwa na nakala kwa mwenyekiti wa kijiji au sheha. Ikiwa chini ya nusu iko hai mwezi wa 12, ni marufuku kupanda tena hapo mpaka sababu ipatikane. Sharti hilo moja lingefuta sehemu kubwa ya hafla za mwaka ujao.

Wafadhili nao wabadilishe mikataba. Badala ya kulipa kwa mche uliopandwa, walipe fungu la kwanza kwa vipimo na kazi ya maji, la pili kwa miche hai mwezi wa 12, na lililobaki mwezi wa 36, yakiwemo malipo ya watu wawili wa kijiji wanaotembelea eneo kila bamvuo. Utaratibu huu una ujanja wake, na ni bora utajwe mapema: kikundi kinacholipwa kwa miche iliyo hai kitashawishika kuchomeka miche mipya usiku wa kuamkia ukaguzi. Dawa ni kuhesabu kwa umri. Mkoko wa mwaka mmoja una matawi au angalau pingili kadhaa za majani yaliyodondoka kwenye shina, na ule wa jana ni fimbo yenye majani mawili. Mkaguzi apige picha ya mraba ule ule kutoka kigingi kile kile kila mara, na miche iliyojiotea yenyewe ilipwe bei ile ile kama ya kupandwa, ili asiwepo wa kuing'oa apande yake.